Theluji ya Agosti katika lango la Asakusa

Mwezi Agosti 1856, joto likiwa kali jijini Edo, ambalo leo ni Tokyo, mchapishaji Uoya Eikichi alitoa picha ya theluji. Mchoraji wake, Utagawa Hiroshige, alikuwa na miaka 59, na mwaka huohuo alinyoa kichwa akawa mtawa wa Kibuddha.

Mtazamaji amewekwa chini ya Kaminarimon, yaani Lango la Radi la hekalu la Sensoji, mtaani Asakusa. Taa kubwa ya karatasi nyekundu inaning'inia juu yake. Mbele, waumini wenye miavuli wanakwenda kwenye lango la ndani, na kulia umesimama mnara wa orofa tano, ncha yake imenyooka wima.

Ncha hiyo ndiyo habari yenyewe. Usiku wa Novemba 11, 1855, tetemeko lilivunja sehemu kubwa ya Edo na kuua maelfu ya watu. Mnara wa Sensoji haukuanguka, ila ncha yake ilipinda, na jiji zima likawa linaitazama. Picha ilipotoka, ukarabati ulikuwa umekwisha karibuni. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, haikutaka habari za matukio zichapishwe ovyo. Kila chapa ilipitishwa na wakaguzi, na muhuri wao wenye mwaka na mwezi ndio unaotuwezesha leo kujua tarehe. Kwa hiyo Hiroshige hakuchora kifusi. Alichora mnara uliopona, akautia nyekundu na nyeupe, rangi za sherehe kwa Wajapani. Kwa maoni yangu, gazeti lisingeisema habari hiyo vizuri zaidi.

Kazi haikuwa yake peke yake. Fundi alichonga mchoro kwenye ubao wa mcheri, kila rangi ikahitaji ubao wake, kisha mpiga chapa akakandamiza karatasi juu ya kila ubao kwa zamu. Chapa zilikuwa rahisi kiasi cha kununuliwa na watu wa kawaida.

Na watu wa kawaida ndio waliojaa Sensoji. Masimulizi ya hekalu yanasema wavuvi wawili ndugu walinasa sanamu ya Kannon, mtakatifu wa Kibuddha mwenye huruma, katika mto Sumida mwaka 628. Kufikia miaka ya 1840 kumbi za maigizo zilihamishiwa jirani, hivyo aliyekuja kuomba dua aliweza kumalizia siku kwenye starehe.

Hiroshige alifariki 1858, mwaka wa mlipuko wa kipindupindu. Lango la Radi liliungua 1865, na pengo likabaki kwa miaka 95, hadi tajiri wa viwanda Matsushita Konosuke alipogharimia jipya mwaka 1960. Mabomu ya Machi 1945 yaliteketeza jengo kuu na mnara.

Ukifika Asakusa na nakala ya picha hii mkononi, usiutafute mnara upande wa kulia. Ulijengwa upya kwa zege mwaka 1973, upande wa kushoto.