Rufiji Nguruwe Haliwi, Anakula Yeye

Wewe hapo unageuza kitimoto kwenye kikaango, unaogopa isije ikakauka. Ila Rufiji na Kibiti stori ni nyingine kabisa. Kule wengi ni Waislamu, nguruwe hawamli. Nguruwe pori ndo anawalia mpunga wao! Toka zamani familia zinahamia shambani, zinakesha juu ya dungu kumfukuza. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali ikawahamisha watu wa bondeni, ikawapeleka vijiji vya ujamaa huko juu. Nyumba kule, shamba huku, nani alinde? Kulinda kukawa mtihani, nguruwe wakala bata. Kwa hiyo jamani, kabla hujamcheka Mrufiji anayeikataa sahani yako, jua mnyama huyo kashamkesha sana. Wewe ungeweza kulala dunguni?