Mandamasi Kabla ya Hukumu: Kosa la Jaji au Hasara Isiyofutika?

Basi la kampuni ya Greyhound liligonga trela kwa nyuma, kesi ya fidia ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho jimboni Indiana. Upande mmoja ukaomba dereva wa basi apimwe afya mara nne. Jaji, bila kuwasikiliza wahusika, akaamuru apimwe mara tisa, mara mbili kati ya hizo na madaktari wa magonjwa ya akili.

Kwa kawaida dereva huyo angeambiwa asubiri. Sheria ya Marekani huruhusu rufaa baada ya uamuzi wa mwisho, kwa sababu nzuri: kila amri ndogo ikikatiwa rufaa, kesi haziishi. Mlango mwembamba uliobaki ni mandamasi, amri ya mahakama ya juu kwa jaji wa chini, yenye mizizi katika sheria ya mwaka 1789. Dereva alipitia mlango huo, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikaitengua amri ya vipimo.

Masharti yake yalipangwa vizuri katika shauri la Makamu wa Rais Dick Cheney, mwaka 2004: mwombaji asiwe na njia nyingine ya kutosha, haki yake iwe dhahiri, na mahakama iridhike kwamba hali inastahili. Mawakili hupenda kulikuza sharti la pili, wakijaza kurasa juu ya kosa la jaji. Lakini linaloamua mara nyingi ni la kwanza. Mwaka 2020 jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa jijini Washington liliamuru kesi ya jinai ya Michael Flynn, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Trump, ifutwe mara moja. Miezi miwili baadaye mahakama nzima ikakataa, kura nane kwa mbili. Jaji wa chini alikuwa bado hajaamua lolote kuhusu kuifuta, na akikosea, rufaa ingekuwepo.

Kipimo hicho kina haki, ila majaji wenyewe hukilegeza. Mwaka 2009, katika shauri la Mohawk, Mahakama ya Juu ilisema kwamba amri ya kutoa mawasiliano ya wakili na mteja kwa kawaida inaweza kungoja rufaa ya mwisho, kwani kesi itasikilizwa upya bila ushahidi huo. Hoja hiyo ni dhaifu. Siri ambayo mpinzani amekwisha kuisoma hairudi kuwa siri, hata kesi ikianza upya. Mahakama iliacha mandamasi kwa dhuluma za wazi tu.

Tanzania imechagua swali jingine kabisa. Tangu marekebisho ya mwaka 2002, uamuzi mdogo wa Mahakama Kuu hauwezi kufikishwa Mahakama ya Rufani, kwa rufaa wala kwa mapitio, isipokuwa uwe umelimaliza shauri. Amri ya vipimo tisa hailimalizi shauri lolote. Dereva yule angepimwa kwanza, akalalamika baadaye.