Kuruti simu bila kupoteza masasisho rasmi: yawezekana, lakini kwa gharama gani?

Mtu anayeishi Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, akiharibikiwa na simu hapotezi chombo cha kupigia tu. Humo ndimo anamopokelea pesa za Airtel Money au Mpamba, humo ndimo anamosikia sauti ya ndugu aliyebaki Uvira au Bujumbura, na humo ndimo zilimo picha ambazo pengine hazina nakala nyingine popote. Ndiyo maana swali la jinsi ya kuiruti simu ya Android na bado ikaendelea kupokea masasisho kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza linastahili jibu la uangalifu zaidi kuliko lile la fundi anayesema, "lete, dakika kumi tu."

Kambi hiyo, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Hivi sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na amri ya serikali ya mwaka 2023 iliwarudisha huko wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini. Kwa mkazi wa Area 47 mjini Lilongwe, simu iliyogoma kuwaka ni usumbufu wa siku moja au mbili. Kwa mkazi wa Dzaleka, kuifikisha kwa wakala wa kampuni si jambo la kuamka tu na kupanda minibasi.

Kuruti ni nini?

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na Linux ilirithi kutoka mfumo wa Unix mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, ambaye namba yake ni sifuri. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mzizi, nao mafundi wamelitohoa wakapata kitenzi: kuruti. Simu inapotoka kiwandani, mwenye simu hapewi mamlaka hayo. Anaweza kupakua programu na kuzifuta, lakini hawezi kugusa sehemu ya mfumo wenyewe, wala kuziondoa kabisa zile programu zilizokuja na simu. Kwa mwenye simu yenye hifadhi ndogo, ambayo nusu yake imekwisha kabla hajaweka picha hata moja, hamu ya kupata ufunguo huo inaeleweka.

Mvutano kati ya kuruti na masasisho ni wa tangu siku za kwanza. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, T-Mobile G1 iliyotengenezwa na HTC, iliingia sokoni Marekani Oktoba 2008. Mwezi uliofuata iligunduliwa kwamba kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi yake ilikuwa pia ikipelekwa kisirisiri kwenye mfumo kama amri ya mtumiaji mkuu. Aliyeandika peke yake kwenye mstari neno la Kiingereza la kuzima na kuwasha upya, hata kama alikuwa akimwandikia rafiki, aliiona simu ikizima na kuwaka. Google iliziba tundu hilo haraka kwa sasisho. Waliokuwa wameufurahia uhuru huo wakajikuta njia panda: walipokee sasisho waupoteze, au walikatae na wabaki na simu yenye tundu.

Kwa nini sasisho hugoma?

Mwanzoni kuruti kulimaanisha kuandika ndani ya sehemu ya mfumo wenyewe, na masasisho ya wakati huo yalikagua faili moja moja. Toleo la 5.0 la mwaka 2014 lilibadili mambo. Tangu hapo sasisho hukagua sehemu nzima ya mfumo kama kitu kimoja, na hata badiliko dogo kabisa hulifanya likatae kuendelea. Toleo la 7.0 la mwaka 2016 likaongeza ukali: simu inayowaka hujihakiki yenyewe, na ikikuta mfumo wake umeguswa yaweza kukataa kuwaka.

Jibu la watundu wa teknolojia lilikuwa kutouandika mfumo kabisa. Mwishoni mwa 2015 Mholanzi anayejulikana kwa jina la Chainfire alionesha njia ya kuweka mamlaka hayo kwenye faili la kuwashia simu, huku sehemu ya mfumo ikibaki kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka uliofuata kijana kutoka Taiwan, John Wu, akatoa Magisk, programu huria ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi kwa kazi hii. Mwaka 2021 Wu mwenyewe aliajiriwa na Google katika kitengo cha usalama wa Android. Mwindaji aliitwa kulinda shamba.

Vyumba viwili

Kilichorahisisha kupokea masasisho kwenye simu iliyorutiwa hakikubuniwa kwa ajili ya kuruti. Kuanzia simu ya Pixel ya mwaka 2016, Google ilianza kuugawa mfumo katika vyumba viwili, A na B. Simu ikiwa inatumia chumba A, sasisho huandikwa kimya kimya katika chumba B. Ikiwashwa upya, inahamia B. Ikishindwa kuwaka huko, inarudi A. Utaratibu huo sasa umo katika simu nyingi mpya.

Kwa simu ya aina hiyo, mwenye Magisk hufuata mpangilio ambao hauvumilii kurukwa hatua. Kwanza anazima masasisho ya kujiendesha katika mipangilio ya wasanidi. Taarifa ya sasisho ikifika, anafungua Magisk na kuiamuru irejeshe faili asilia la kuwashia, lakini haizimi simu. Kisha anapakua na kusakinisha sasisho rasmi kama mtu mwingine yeyote. Simu itamwomba awashe upya. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kukubali. Anapaswa kurudi kwanza kwenye Magisk na kuiagiza ijisakinishe katika chumba kisichotumika, yaani kile kilichopokea sasisho. Baada ya hapo ndipo anaiwasha upya. Akisahau hatua hiyo ya mwisho hapotezi simu, anapoteza ruti tu, na itambidi aianze kazi upya kwa kompyuta na kebo.

Kwa simu yenye chumba kimoja, njia ni ndefu zaidi: kurudisha faili asilia lenye namba ileile ya toleo, kupokea sasisho, kutafuta faili jipya la kuwashia la toleo hilo, kulirekebisha na kulipandisha kwa kompyuta. Faili la toleo jingine, au la simu inayofanana tu kwa sura, laweza kuifanya simu isiwake tena. Kuna pia suala la bando. Simu iliyoguswa mara nyingi hushindwa kutumia sasisho dogo la nyongeza na kulazimika kupakua lile zima, ambalo huweza kupita gigabaiti moja.

Simu zilizo mikononi mwa watu

Maelezo hayo yote yanachukulia kwamba simu inakubali kufunguliwa butiloda, ile programu ndogo inayoamua ni mfumo gani uruhusiwe kuwaka. Si zote zinazokubali. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Samsung huweka ndani ya simu zake nyingi fyuzi ya Knox ambayo, mfumo usio rasmi ukiwekwa, huungua na hairudi; tangu hapo simu haipokei masasisho kwa njia ya kawaida, na huduma za malipo za Samsung hufungwa moja kwa moja. Kwa hiyo anayenunua Samsung iliyotumika afadhali aulize hali ya Knox kabla ya kutoa kwacha zake.

Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, zimeenea Afrika, lakini matoleo yake ni mengi mno na mafaili asilia ya kila moja si rahisi kupatikana mahali pa kuaminika. Mafundi hulazimika kuyachukua kwenye tovuti za watu wasiojulikana. Hapo mtu anampa mgeni ufunguo wa nyumba ili amsaidie kupanga viti.

Gharama isiyotajwa na fundi

Kufungua butiloda hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Huo ndio muundo wake, ili mwizi asiweze kuifungua na kusoma yaliyomo. Picha, namba na ujumbe wa WhatsApp ambao haukuwekewa nakala rudufu hautarudi. Na aliyeiruti simu akajaribu kuifunga tena butiloda wakati mfumo ungali umebadilishwa anaweza kuishia na simu isiyowaka kabisa.

Gharama nyingine ni programu za benki. Google hutoa huduma iitwayo Play Integrity, inayoijulisha programu iwapo simu imeguswa. Programu nyingi za benki zikipata jibu baya hukataa kufunguka. Wapo wanaoficha ruti kwa nyongeza mbalimbali, lakini ni mchezo wa paka na panya, na anayecheza ndiye atakayefungiwa siku ya kulipa ada ya shule. Huduma za pesa za Airtel Money na Mpamba zinazotumia namba zenye nyota na reli, hata hivyo, hupita kwenye laini na haziulizi hali ya simu. Aidha, katika ngazi ya juu kabisa ya ukaguzi huo, simu yenye toleo la 13 au zaidi ambayo haijapata sasisho la usalama kwa mwaka mzima haifaulu hata kama haijawahi kurutiwa.

Umuhimu wa masasisho ulionekana wazi katika kisa cha Tecno W2. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream na chombo cha habari cha BuzzFeed walieleza kwamba baadhi ya simu hizo zilizouzwa Afrika zilikuwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizomaliza bando na kuwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion ilimlaumu msambazaji ambaye haikumtaja, na ikasema ilikwisha kutoa masasisho ya kuziondoa. Aliyekuwa ameyazuia masasisho ili kulinda ruti yake angebaki anaishi na mwizi nyumbani.

Hatari hiyohiyo imo katika programu zinazoahidi kuruti kwa kubonyeza mara moja, bila kompyuta. Hizo hufanya kazi kwa kutumia udhaifu wa usalama ambao masasisho hayajauziba. Kama imefaulu kuingia, maana yake simu iko wazi kwa wengine pia.

Kwa anayetaka nafasi tu

Wengi wanaouliza kuhusu kuruti wanachotaka hasa ni kuziondoa programu zilizokuja na simu. Hilo halihitaji ruti. Nyingi zaweza kuzimwa katika mipangilio. Zinazokataa huondolewa kwa kompyuta na kebo: mwenye simu hubonyeza mara saba namba ya toleo la mfumo ili kufungua mipangilio ya wasanidi, anaruhusu usahihishaji kupitia kebo, kisha anatumia zana ya bure ya Google iitwayo adb kuiondoa programu kwa mtumiaji wa simu hiyo peke yake. Faili la asili hubaki katika sehemu ya mfumo, kwa hiyo nafasi inayopatikana ni ile tu iliyoliwa na data na masasisho ya programu hiyo, ambayo kwa kawaida si haba. Data nyingine za mwenye simu haziguswi, butiloda haifunguliwi, na sasisho rasmi likija linaukuta mfumo kama ulivyotoka kiwandani. Simu ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, programu zilizoondolewa hurudi nazo.