Ufunguo wa Kabati: Utawala wa Maktaba za Taifa na Hadhira ya Manyovu

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tunalipenda mno neno "hadhira". Mwandishi huyu tunasema anawaandikia wakulima, yule tunasema kaikimbia hadhira yake. Ni mara chache tunajiuliza swali dogo, la kijinga kidogo hata: huyo mkulima kitabu atakipata wapi? Makala hii inalijadili swali hilo kwa kupitia historia ya uendeshaji wa maktaba za umma nchini. Jicho letu tutalielekeza Manyovu, kule milimani mpakani na Burundi, sehemu iliyokuwa wilaya ya Kasulu na ambayo tangu 2012 imo katika wilaya ya Buhigwe. Tumeichagua makusudi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaishia ziwani. Kwenda Manyovu ilibidi mtu apande milima. Na mfumo wa utawala, kwa maoni yetu, hupimwa vizuri mwisho wa njia kuliko pale unapoanzia.

Tuanze na wakoloni. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Ofisi hiyo ilichapisha vitabu, ikaendesha mashindano ya uandishi, na papo hapo ikaazimisha vitabu kwa njia ya posta na kwa masanduku yaliyopelekwa mikoani. Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Muhammed Said Abdulla, ilishinda shindano la ofisi hiyo la 1957-58, ikachapishwa 1960. Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy ilitoka mwaka huohuo, kwa mlango uleule. Yaani kiwanda na duka vilikuwa mkononi mwa bwana mmoja. Aliyekuwa na sauti juu ya mswada upi uwe kitabu alikuwa na sauti pia juu ya sanduku libebe nini. Tumeandika mengi kuhusu upelelezi wa Bwana Msa, lakini sanduku hatujalihakiki vya kutosha. Na Buha kwa wakati huo ilijulikana kwa wakubwa kama chimbuko la manamba wa kwenda kukata mkonge Tanga. Nani angewawazia watu hao kama wasomaji wa riwaya?

Mwaka 1960 Sydney Hockey, aliyekuwa akishughulikia maktaba katika ofisi hiyo, alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na chombo kimoja cha taifa cha maktaba. Ripoti hiyo ilizaa watoto watatu: sheria ya Tanganyika ya 1963, ya Uganda ya 1964, na ya Kenya ya 1965. Kwetu ikaundwa Bodi, huduma ikaanza 1964 chini ya Mwingereza Max Broome, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua rasmi Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1970 uongozi ulishikwa na Mtanzania, E. E. Kaungamno.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Nchi ilikuwa na wakutubi wa kuhesabika kwa vidole. Kununua vitabu pahala pamoja, kuviorodhesha mara moja, kisha kuvisambaza hadi maktaba za mikoa, ilikuwa ni akili ya mwenye kichache. Ingekuwa kila wilaya inaachiwa ijitafutie, wilaya za pembezoni zisingepata kitu. Tatizo letu haliko hapo.

Tatizo liko kwenye tarehe. Mwaka 1972 yalikuja Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikafutwa. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani, lakini waliokwenda huko walikuwa maofisa wa serikali kuu. Mwaka 1975 ikatungwa sheria mpya ya Huduma za Maktaba, iliyofuta ile ya 1963 na kuipa Bodi mamlaka makubwa zaidi ya kuanzisha, kusimamia na kuendeleza maktaba. Halmashauri zilirudi 1984. Ina maana kwamba sheria kuu ya maktaba zetu ilitungwa katika kipindi ambacho Kasulu na Kibondo hazikuwa na chombo chochote cha kuchaguliwa cha kuzisemea. Hakuna aliyemnyang'anya mtu wa Manyovu kiti chake. Kiti chenyewe hakikuwepo siku meza inatengenezwa, na waliozikuta halmashauri zimerudi walikuta mazoea yamekwisha kukomaa: vitabu huja kutoka juu, huku chini hupokelewa.

Wakati huohuo kulikuwa na mlango wa pili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikapamba moto. Kigoma ilishakumbwa mapema na operesheni ya kuhamia vijijini, tangu 1972, hivyo watu waliotawanyika milimani walijikuta wamekusanywa karibu na shule. Majaribio ya 1975 yalionyesha kuwa wasiojua kusoma nchini wamebaki asilimia 39, na kufikia 1986 ilikadiriwa wamebaki kama asilimia 10. Kwa ajili ya wasomaji hawa wapya zikaanzishwa maktaba za vijijini, ambazo mara nyingi zilikuwa kabati moja tu la vitabu. Lakini maktaba hizo zilikuwa za idara ya elimu ya watu wazima, si za Bodi. Bodi ilikuwa na wakutubi na utaalamu. Idara ilikuwa na wasomaji na makabati. Kabati likiisha vitabu, ni nani wa kuulizwa? Ndiyo maana miaka ya themanini, uchumi ulipoyumba na karatasi ikaadimika, kabati la kijijini lilikufa kimya kimya bila hata mtu wa kutia saini cheti cha kifo.

Hapa mwanafunzi wa fasihi hana budi kusimama kidogo. Maktaba ikiwekwa shuleni, mwalimu akashika ufunguo, basi sheria ya shule inakuwa sheria ya kijiji. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, nayo ikapigwa marufuku shuleni. Marufuku hiyo ililenga wanafunzi. Je, mama wa miaka arobaini aliyejifunza kusoma juzi, mwenye binti zake nyumbani, angeipata wapi katika kijiji ambacho kitabu na shule ni kitu kimoja? Tumezoea kuhusisha udhibiti wa fasihi na makatazo ya serikali. Uendeshaji wa kabati nao ni udhibiti, tena hauhitaji tangazo.

Upungufu ulipozidi, misaada ya vitabu kutoka ng'ambo ilijaza nafasi, na vingi vilikuwa vya Kiingereza. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili akiwa mtu mzima anafunguliwa maktaba, anakuta rafu imejaa, na hana cha kusoma. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulisaidia kweli, maana uliwahakikishia wachapishaji mnunuzi na ukagawa nakala shuleni. Ila ni watoto, na ni shule tena. Kwa Kiha, lugha ya hadithi za jioni huko Manyovu, tusiseme. Katika mpango wa maktaba haikuwahi kupangiwa rafu.

Ndugu zetu walichagua njia nyingine. Uganda ilizikabidhi maktaba za umma kwa wilaya mwaka 1997, na Kenya kwa katiba yake ya 2010 ilizitaja maktaba kuwa kazi ya kaunti. Wako wanaotaka tuige. Tukumbuke tu kwamba huko Uganda wilaya nyingi zilikabidhiwa maktaba bila fedha za kuziendesha. Kwa hiyo sisi hatuombi Bodi ivunjwe. Tunachokiona cha kudaiwa ni kidogo na kigumu zaidi: halmashauri, ambazo huombwa majengo, ziwe na neno pia katika orodha ya vitabu vinavyonunuliwa, na orodha hiyo isomwe hadharani kama inavyosomwa bei ya kahawa. Siku mkulima wa Manyovu atakapoweza kusimama kwenye mkutano na kusema "kitabu hiki hatukitaki, tuleteeni kile", hapo wahakiki tutakuwa na hadhira ya kuizungumzia, na huenda ikatubishia.