Watoto wa Ramisi

Mwaka 1927 kiwanda cha sukari kilianza kazi Ramisi, kusini mwa Msambweni huko Kwale, pwani ya Kenya, miaka 5 baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu. Katika nchi ya Wadigo, ya minazi na mikorosho, pakazuka mji wa kazi: bomba la moshi, reli nyembamba ya kubebea miwa, nyumba za laini, yaani za safu za vibarua. Vibarua walitoka bara. Wengine, Wamakonde, walitoka Msumbiji. Haukupita muda, laini zikajaa watoto.

Wangapi walitimiza mwaka mmoja? Uingereza swali hilo lilikuwa na jibu. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa huko, 150 hivi walifariki kabla ya mwaka, na katika miji ya viwanda vya nguo kama Preston walizidi 200. Mama yuko kiwandani, mtoto ameachiwa chupa, joto likizidi maziwa yanachacha, kuhara kunaingia. Kwa kuwa kila kifo kiliandikwa, wakuu wa miji walikosa pa kujificha. Mwaka 1899 mji wa St Helens ulifungua kituo cha kuuza maziwa salama ya watoto, ukiiga mfano wa Fécamp, Ufaransa.

Ramisi kilichopimwa kwa mizani ni miwa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa 1928, lakini Waafrika walianza kulazimika kujiandikisha 1963 tu, tena Nairobi na Nyeri kwanza. Nchi nzima ilifikiwa 1971. Kichanga cha laini kilizikwa bila karatasi.

Wazee, hata hivyo, walijua mtoto hunyauka lini. Wamijikenda, Wadigo wakiwemo, walisema ana chirwa: wazazi wamevunja miiko kabla hajaachishwa ziwa. Daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast (Ghana ya leo) miaka ya 1930, aliandika juu ya mtoto anayevimba na kubadilika rangi baada ya mdogo wake kuja na yeye kubakiwa na uji wa mahindi mtupu. Maelezo ni mawili, lakini macho yaliona jambo moja: hatari huanza ziwa linapokatika. Na posho ya vibarua ilikuwa unga wa mahindi.

Aliyepata njia ya kuhesabu bila daftari ni Mskoti William Brass, aliyeajiriwa katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, tangu 1948. Njia yake ilitegemea maswali mawili kwa mama: umezaa wangapi, na wangapi wako hai? Kumbukumbu ya mama ikawa rejista. Maswali ya namna hiyo yalipoulizwa katika sensa za 1969 na 1979, Pwani na Nyanza zilionekana kufiwa zaidi, Mkoa wa Kati kidogo. Hiyo miwili ya kwanza ndiyo mikoa ya Ramisi na Miwani, lakini tusikimbilie kuilaumu miwa. Malaria ilitamalaki kote kuwili, na maji ya mto hayakuwa salama kwa uji wala kwa chupa.

Maziwa ya kopo nayo yalipenya hadi wodi za uzazi, ndipo 1983 serikali ikapiga marufuku kuyagawa bure katika hospitali zake. Mwaka 2003, kati ya kila watoto 100 nchini wa chini ya miezi 6, ni 13 tu waliokuwa wakipewa ziwa pekee. Mwaka 2022 walifika 60. Katika muda huohuo vifo vya wasiotimiza mwaka vilishuka kutoka 77 hadi 32 kwa kila 1,000, ingawa chandarua na chanjo zina fungu kubwa hapo.

Kiwanda kilifungwa 1988. Wamakonde wa Kwale waliendelea kuishi bila vitambulisho hadi 2016, walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kuvidai, na serikali ikawatambua. Hayo ni ya walio hai. Waliofia utotoni katika laini za Ramisi wamebaki vinywani mwa mama zao, na mama hao wanazidi kupungua. Ukiwa na bibi aliyezaa huko, muulize maswali yale mawili, kisha andika majibu.