Soni

Soni ni nomino ya Kiswahili, ngeli ya i-/zi-, inayotaja hali ya mtu kuinamisha uso, kukosa la kusema na kutamani ardhi ipasuke immeze. Mtu huona soni, huingiwa na soni, au hutiwa soni na mwenzake.

Neno ni la Kibantu. Waganda husema ensonyi, Wanyarwanda isoni, Wakikuyu thoni. Kwa Wakikuyu wakwe huitwa athoni, jina la shina hilohilo, kwani mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Haya, aibu na fedheha zimetoka Kiarabu, nazo ndizo zinazosikika zaidi mitaani leo.

Maneno haya hayalingani. Soni na haya aghalabu humzuia mtu kabla hajatenda: "Aliona soni kurudi kwa jirani kuomba chumvi mara ya pili." Aibu hufuata kosa, na huwaangukia hata wasiohusika: mtoto mmoja akiiba, ukoo mzima umepata aibu. Fedheha yataka mashahidi. Asiyeguswa na lolote kati ya hayo huambiwa hana haya wala hajui vibaya.

Mkoani Simiyu, nchini Tanzania, wenyeji wengi ni Wasukuma, na kwao hisia ya soni ina viwanja vyake. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga Ngika na Gumha, hushindana kwa nyimbo, dawa na mbwembwe. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayetazama umati ukihamia upande wa pili hana pa kuficha uso, na wapinzani watamtungia wimbo.

Utani wa makabila huigeuza hali hiyo. Mzaramo anaweza kumkejeli Msukuma hata msibani, na hakuna aonaye soni.

Sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, waliifanya aibu kuwa adhabu. Aliyetengwa hasalimiwi, hasaidiwi shambani, wala hapati wa kumzikia maiti wake. Wengi huona heri kulipa faini, mara nyingi kwa mifugo, ili wapokelewe tena kijijini.