Ukomo wa Matunzo: Historia ya Ahadi za Watengenezaji wa Programu za Kompyuta

Katika afisi za siku hizi, kubwa na ndogo, kazi hutegemea programu za kompyuta, na programu zilizo nyingi zina siku ya mwisho iliyotangazwa na mtengenezaji. Siku hiyo ikipita programu haifi. Kesho yake mashine huwashwa kama kawaida, barua huandikwa na hesabu hupigwa kama jana. Kilichokwisha ni ahadi: mtengenezaji hatatoa tena viraka vya kuziba matundu yatakayogunduliwa. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi ahadi hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyopata tarehe, na mambo yaliyowafika watu tarehe ilipowapita. Nitaonyesha ya kwamba tarehe hizo si za maumbile, kama kupwa na kujaa kwa maji. Ni maafikiano ya wanadamu, nayo yamekwisha kusogezwa zaidi ya mara moja. Tena nitaonyesha ya kwamba katika msiba mkubwa tulio na habari zake kamili, tarehe ilikuwa ikijulikana na onyo lilikuwa limetolewa. Kilichokosekana ni mkono wa kuifanya kazi ndogo ya kila mwezi.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Waingereza hulitumia hapa neno lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ya kwanza ni kubeba kitu kutoka chini. Mfasiri wa Kiswahili huvutwa kuandika "msaada". Lakini msaada kwetu ni jambo la hiari. Anayeacha kusaidia hakuvunja mkataba wowote. Kilicho karibu zaidi na jambo hili ni kazi ya kukalafati chombo. Fundi hushindilia pamba na mafuta katika nafasi za mbao, na kazi hiyo hurudiwa muda baada ya muda. Akiiacha, chombo hakizami siku ile. Huingia maji kidogo kidogo, na ubovu wake hujulikana siku ya dhoruba. Kwa sababu hiyo nimechagua neno "matunzo", na siku ya mwisho wake nimeiita "ukomo wa matunzo".

Hapo zamani matunzo hayakuwa na jina la pekee. Mpaka miaka ya 1960 kampuni ya IBM, iliyotawala biashara ya kompyuta nchini Marekani, ilitoa mashine, programu na mafundi kwa bei moja. Mteja aliyekodi mashine alipata programu pamoja nayo, na kosa likionekana fundi alikuja kulitengeneza. Tarehe 23 Juni 1969 kampuni hiyo ilitangaza kwamba programu zake nyingi na huduma za mafundi zitatozwa bei mbalimbali na ile ya mashine. Utaratibu huo ulianza mwaka 1970. Tangu hapo programu ikawa bidhaa inayosimama peke yake, na baada yake matunzo nayo yakawa bidhaa. Bidhaa yoyote inayouzwa kwa muda haina budi kuwa na mwanzo na mwisho.

Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla mwisho huo haujatangazwa kwa kanuni inayojulikana na watu wote. Mwezi Oktoba 2002 kampuni ya Microsoft, ambayo mifumo yake ya Windows ilikuwa imeenea katika afisi za dunia nzima, ilitoa kanuni ya umri wa bidhaa zake. Mwezi Juni 2004 kanuni hiyo ilipanuliwa, na bidhaa za kazi zikaahidiwa miaka isiyopungua 10: mitano ya matunzo kamili, na mitano ya matunzo ya usalama hasa. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwezi Oktoba 2003, kampuni ilianza desturi ya kutoa viraka kila mwezi, siku ya Jumanne ya pili. Hivyo wakuu wa afisi wakawa na kalenda mbili: moja ya mwezi, ya viraka, nyingine ya miaka, ya ukomo.

Kalenda ya mwezi ndiyo inayotufahamisha kwa nini ukomo una hatari. Mtu aweza kuuliza: ikiwa programu imetumika miaka 10 bila shida, mbona iharibike mwaka wa 11? Jibu ni kwamba haiharibiki. Wabaya wake ndio wanaoongeza elimu. Toleo jipya aghalabu hurithi sehemu kubwa ya maandishi ya toleo la zamani, pamoja na makosa yake. Mtengenezaji akitoa kiraka cha toleo jipya, mwizi hodari hukilinganisha na hali iliyokuwapo kabla yake, akajua tundu lilikuwa wapi. Kisha huenda kulitafuta tundu lile lile katika toleo la zamani, mahali ambapo hakuna kiraka kitakachokuja. Basi kila kiraka anachopewa jirani ni habari kwa mwizi wa nyumba yako.

Sasa tuitazame tarehe yenyewe. Ile hofu ya kuingia mwaka 2000, iliyotokana na programu zilizoandika miaka kwa tarakimu mbili tu, ilikuwa na tarehe isiyoweza kusogezwa na kampuni wala serikali yoyote. Ukomo wa matunzo si hivyo. Matunzo ya Windows 98 yalitazamiwa kukoma mwezi Januari 2004, lakini mwezi huo huo muda ukaongezwa, na mwisho ukaja kuwa Julai 2006. Matunzo ya Windows XP yalikoma tarehe 8 Aprili 2014. Hata hivyo tarehe 1 Mei mwaka huo huo kampuni ilitoa kiraka ambacho XP nayo ilipewa, kwa sababu tundu lililoonekana lilikuwa kubwa mno. Lugha ya programu iitwayo Python, inayotunzwa na jamii ya wajuzi ambao wengi wao hujitolea, iliutaja mwaka 2015 kuwa mwisho wa toleo lake la 2. Mwaka 2014 ukomo huo ulisogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020, maana watumiaji wengi hawakuwa wamehama. Katika mifano hii mitatu twaona kwamba tarehe huwekwa na mtengenezaji, lakini watumiaji wakiwa wengi huisukuma.

Habari za Windows XP zastahili kuelezwa kwa urefu. Mfumo huo ulianza kuuzwa mwezi Oktoba 2001. Ulipendwa, nao ulikaa muda mrefu bila mrithi, kwa kuwa Windows Vista haikufika kwa wanunuzi wote mpaka Januari 2007, na ilipofika wengi hawakuridhika nayo. Matokeo yake ni kwamba mwaka 2014 ulipoingia afisi nyingi zilikuwa zingali zikitumia mfumo wa miaka 12 iliyopita. Serikali ya Uingereza ililipa kiasi cha pauni milioni 5.5 ili idara zake zipate matunzo ya ziada kwa mwaka mmoja. Mwaka huo huo wa 2014 mashirika ya hospitali za umma yaliandikiwa kwamba ni lazima yawe na mipango thabiti ya kuiacha mifumo ya zamani ifikapo Aprili 2015. Mkataba wa serikali ulipokwisha haukufanywa upya.

Dhoruba ilikuja miaka miwili baadaye. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika mifumo yake iliyokuwa ingali katika matunzo. Tarehe 12 Mei programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilo, ikijieneza yenyewe kutoka mashine hadi mashine, ikiyafunga majalada ya watu na kudai fidia ya dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Kwa siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Huko Uingereza, kiasi cha theluthi moja ya mashirika 236 ya hospitali za umma yalivurugika, pamoja na karibu kliniki 600 za madaktari wa mitaa. Ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Microsoft ililazimika kutoa kiraka hata cha XP, miaka mitatu baada ya ukomo wake.

Watu wengi walisema mara moja kwamba kosa lilikuwa la XP. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilipotoa taarifa yake mwezi Oktoba 2017, jambo lilionekana vingine. Mashine nyingi zilizoambukizwa katika hospitali zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao matunzo yake hayakukoma mpaka Januari 2020. Kiraka kilikuwapo kwa muda wa miezi miwili, na onyo lilikuwa limetumwa mwezi Machi na mwezi Aprili. Hakuna ahadi iliyokwisha hapo. Iliyokosekana ni kazi ya upande wa pili, ya yule anayepokea kiraka na kukishona.

Si haki kuwahukumu wakuu wa hospitali hizo kwa wepesi. Mashine ya kupigia picha za mwili huuzwa pamoja na kompyuta inayoiendesha, na mwenye kuinunua mara nyingi hawezi kubadili programu yake bila idhini ya aliyeiuza. Mashine ya namna hiyo hutazamiwa kuishi kupita umri wa mfumo wa kompyuta uliomo. Tena kila kiraka hutaka majaribio, maana kiraka nacho chaweza kuvunja kitu. Na anayesimamisha mashine ili aitunze huonekana anachelewesha kazi, hali aliyezuia msiba hana la kuonyesha, kwa kuwa msiba haukutokea. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hesabu ya fedha ya mwaka hulijua gharama la ufa, na la ukuta hulijua baadaye.

Huenda msomaji akaona kwamba mambo haya ni ya mafundi na matabibu, wala hayatuhusu sisi wa lugha. Mifano miwili yatosha kuonyesha vingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za afisi za OpenOffice.org zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, maana iliwalazimu wafasiri kuyapatia majina mambo ambayo hayakuwa na majina. Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu. Hufungamana na toleo lake. Mwezi Oktoba 2005 toleo la 2.0 la OpenOffice.org lilitoka, likiwa na orodha mpya na maagizo mapya ya kufasiriwa. Mwaka 2010 jamii ya watengenezaji yenyewe iligawanyika, ikazaliwa LibreOffice. Lugha ambayo haina wafasiri wa kudumu hubaki nyuma kila toleo linapobadilika, hata kama wafasiri wake wa kwanza walikuwa hodari.

Mfano wa pili ni ile Python iliyotajwa juu, ambayo wanaisimu wengi huitumia kuhesabu maneno na kuchambua viambishi. Sehemu kubwa ya taabu ya kuhama toleo la 2 ilihusu hati. Toleo la 3, lililotoka Desemba 2008, lilikata shauri kwamba maandishi yote yahesabiwe kuwa ya Unicode, utaratibu unaoipa kila herufi ya kila hati namba yake. Kwa mwandishi wa Kiingereza badiliko hilo lilikuwa usumbufu. Kwa anayehariri tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu lilikuwa faida aliyoingoja. Kwa hiyo si kila ukomo ni hasara. Mara nyingine toleo jipya huondoa dhuluma iliyokuwamo katika la zamani.

Ukomo mwingine mkubwa ulikuwa wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na vichakato vya karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi zilizokuwa nzima hazikukubaliwa. Afisi zilizotaka kubaki zilitangaziwa bei ya dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, 122 katika wa pili na 244 katika wa tatu. Bei inayopanda hivyo ina maana yake: ahadi yaweza kurefushwa, lakini mtengenezaji ataka uhame.

Chuo chochote cha lugha chapaswa kujifunza mambo matatu kutoka historia hii. Kwanza, mali bila daftari hupotea bila habari: kila programu iandikwe jina lake, toleo lake na siku ya ukomo wake, na mashine isiyoweza kuhamishwa itengwe na mtandao. Pili, kazi ya viraka ipewe mtu mwenye jina na saa zake, wala isiachwe kwa yeyote atakayepata nafasi. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, maneno tunayoyakusanya yahifadhiwe katika maandishi wazi ya Unicode, yanayoweza kusomwa na programu yoyote, wala yasifungiwe katika jalada linalofunguliwa na programu moja tu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyochapwa mwaka 1981 yafunguliwa leo na yeyote ajuaye kusoma, bila ya kuuliza mchapaji kama ahadi yake ingalipo. Kazi tunazozihifadhi katika kompyuta zastahili kupewa uhuru huo huo.